KASUBI KAMA IONEKANAVYO KUTOKA ANGANI
Picha za setilaiti zaonyesha mji ulikotoka na unakoelekea

Na Afisa wa Uhusiano wa Jeshi

Askari yeyote aliyepata kupanda kilima ili aichungue nchi iliyo mbele yake anajua ya kuwa aliye juu huyaona yale asiyoyaona aliye bondeni. Ndiyo sababu vilima viligombewa tangu zamani, na mji wa Kampala wenyewe ulizaliwa kwa fikira hiyo. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga jumba lake juu ya kilima cha Kasubi mwaka 1882. Wamisionari walichukua Namirembe na Rubaga. Kapteni Lugard alipofika Desemba 1890 alipiga kambi yake juu ya kilima kinachoitwa leo Kampala ya Zamani. Mabonde yaliyo baina ya vilima hivyo yaliachiwa maji, mafunjo na ndege.

Leo kipo kilima kingine kirefu kupita vyote, nacho hakina udongo wala jiwe. Ni setilaiti, chombo kinachoizunguka dunia juu ya vichwa vyetu na kuipiga picha nchi yote bila kuchoka. Kwa picha hizo wataalamu wanaweza kusema mji ulikuwa na ukubwa gani miaka arobaini iliyopita, umefika wapi sasa, na aghalabu wanaweza kukisia utafika wapi kesho. Tumeona ni vema kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaoitwa pale mji unapokuwa umekwisha kufika mahali usipostahili kufika.

CHOMBO KILICHOTOKA JESHINI

Yafaa ijulikane kwanza ya kuwa jicho hili la angani lilianza katika shughuli za kijeshi. Mwaka 1960 Marekani ilirusha setilaiti za siri zilizojulikana kwa jina la Corona, ili kuipeleleza Urusi ya Kisovieti na nchi nyingine. Siku zile picha hazikutumwa kwa redio. Filamu ilifungwa ndani ya kasha, kasha likaangushwa kwa mwavuli, na ndege ikalidaka likiwa bado hewani. Kazi hiyo iliendelea hadi 1972. Picha zake zilifungiwa katika makabati ya siri hadi mwaka 1995, serikali ya Marekani ilipoamua kuzitoa kwa wote, na leo hutumiwa na wachunguzi wa misitu, mito na miji.

Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kuichunguza ardhi ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, ikapewa baadaye jina la Landsat. Ndugu zake wamefuata mmoja baada ya mwingine. Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984 ikafanya kazi hadi 2013, umri ambao hakuna aliyeutarajia. Landsat 8 ilirushwa 2013 na Landsat 9 mwaka 2021. Hizi mbili za mwisho husafiri katika kimo cha kilometa 705, na kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16. Nchi za Ulaya nazo zilirusha Sentinel-2 ya kwanza mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017.

Jambo kubwa kupita yote lilitokea mwaka 2008. Kabla ya hapo picha moja ya Landsat iliuzwa kwa dola mia kadha, bei ambayo ofisi nyingi za Afrika hazikuimudu. Mwaka ule Marekani iliamua kuzitoa bure, ghala zima, tangu picha za 1972. Kwa hiyo mwanafunzi wa Makerere aliye na kompyuta anaweza leo kuitazama Kasubi ya miaka ya 1980 bila kulipa hata shilingi.

JICHO LISILOONA KAMA LETU

Setilaiti haioni kama mwanadamu aonavyo. Huigawa nchi katika miraba midogo, na kila mraba huandikiwa hesabu ya mwanga uliorudi kutoka ardhini. Hupima mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na zaidi ya huo hupima mionzi ya infraredi ambayo jicho letu haliioni. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Jani bichi huumeza mwanga mwekundu kwa ajili ya chakula chake, lakini huirudisha infraredi kwa nguvu sana. Bati, saruji na udongo mtupu hazifanyi hivyo. Basi kwa kulinganisha hesabu hizi mbili, kompyuta hutenga migomba na paa la nyumba, hata kama kwa macho rangi zake zafanana. Maji huimeza infraredi karibu yote, kwa hiyo huonekana meusi.

Ukubwa wa mraba ndio unaoamua kitakachoonekana. Mraba wa Landsat ya kwanza ulikuwa na upande wa mita 80 hivi, karibu sawa na uwanja mzima wa mpira. Tangu 1982 mraba ulipungua hadi mita 30, yaani kama viwanja viwili vya futi 50 kwa 100, vile wanavyouziana wakazi wa Kampala. Mraba wa Sentinel-2 ni mita 10. Zipo pia setilaiti za makampuni ambazo huonyesha hata gari lililoegeshwa, lakini picha zake hulipiwa.

Tuchukue mfano wa Kasubi penyewe. Jumba kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda, Muzibu Azaala Mpanga, lina upana wa mita 31 hivi. Ndani yake wamelala Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Jumba hilo lote, kwa utukufu wake, ni mraba mmoja tu katika picha ya Landsat. Lakini eneo zima la makaburi, ambalo UNESCO ililiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni hektari zipatazo 27, na sehemu yake kubwa ni mashamba. Hiyo ni miraba yapata 300. Kwa hiyo katika picha huonekana kama kipande cha kijani kilichozingirwa pande zote na rangi ya mabati.

Moto ulipoliteketeza jumba hilo tarehe 16 Machi 2010, UNESCO iliyaweka makaburi katika orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakuondolewa humo hadi Septemba 2023, baada ya kazi kubwa ya kulijenga upya. Hasara ya moto hujulikana siku ile ile. Kuna hasara nyingine isiyo na moshi wala kelele: ni ile ya mji kuusogelea mpaka wa eneo kwa hatua moja kila mwaka, nyumba juu ya nyumba, hata mashamba yakabaki kama kisiwa. Hasara ya namna hiyo haimshtui mtu apitaye kila siku katika Barabara ya Hoima. Huonekana vema zaidi kwa kuziweka picha za miaka mbalimbali ubavu kwa ubavu.

MJI ULIOUVUKA MPAKA WAKE

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walifanya hivyo kwa mji wote wa Kampala. Walizichukua picha za Landsat za miaka ya 1989, 1995, 2003 na 2010, wakapima ardhi iliyojengwa, na mwaka 2012 wakatangaza matokeo. Mwaka 1989 ardhi iliyojengwa ilikuwa kilometa za mraba 71. Mwaka 2010 ilikuwa kilometa za mraba 386. Kwa miaka 21, mji ulikua zaidi ya mara tano.

Tuitazame hesabu hii kwa makini. Kampala, kwa mujibu wa mipaka yake ya kisheria, ni kilometa za mraba 189 tu, na ndani yake mna vinamasi na vilima vya wazi. Maana yake ni kwamba mji uliokwisha kujengwa mwaka 2010 ulikuwa mara mbili ya Kampala yote ya kwenye ramani. Mji ulikuwa umekwisha kuuvuka mpaka na kuingia Wakiso na Mukono, hali kibao cha mpaka kimebaki pale pale.

Hesabu za watu zinathibitisha jambo hilo. Sensa ya 1991 ilihesabu watu 774,241 katika Kampala, na eneo ambalo leo ni Wakiso lilikuwa na watu kama 560,000. Sensa ya 2014 ilikuta Kampala watu wapatao milioni 1.5 na Wakiso karibu milioni 2. Katika sensa ya 2024 Wakiso ilikuwa imepita milioni 3, wakati Kampala haijafika milioni 2. Tukijumlisha sehemu hizo mbili, watu waliongezeka chini ya mara tatu baina ya 1991 na 2014. Ardhi iliyojengwa, kwa muda unaokaribiana na huo, iliongezeka zaidi ya mara tano. Nyumba zimekwenda mbio kuliko watu, kwa maana mji umetanda kwa upana badala ya kupanda kwa kimo.

Kwa polisi jambo hili si la kitabuni. Kituo kilichotosha vijiji vitatu vyenye mashamba hakiwezi kutosha vijiji vile vile vikiisha kuwa mitaa. Gari la zimamoto lililopimiwa njia pana hukuta kichochoro. Mkuu wa kituo anayengoja takwimu za sensa hungoja miaka kumi, hali picha mpya hupatikana kila baada ya siku chache.

NJIA HUTANGULIA, NYUMBA HUFUATA

Je, kesho hukisiwa vipi? Hapana uchawi. Kompyuta hupewa picha ya zamani na ya sasa, kisha huulizwa: miraba iliyokuwa shamba ikageuka mtaa ilikuwa na sifa gani? Watafiti wale wa Leuven waliona ya kuwa mambo yaliyotangulia mengine yote yalikuwa kuwapo kwa barabara, wepesi wa kufika katikati ya mji, na ujirani na mahali palipokwisha kujengwa. Mraba wenye sifa hizo ukiwa bado ni shamba, una uwezekano mkubwa wa kujengwa kesho. Ndivyo ramani ya kesho inavyochorwa, mraba baada ya mraba.

Askari aliyefunzwa kazi ya upelelezi hatastaajabu. Sisi tuliopita katika shule ya makadeti tulifundishwa kumkisia adui kwa njia azipendazo, umbali wa maji na mahali alipolala jana. Mji nao una mazoea yake.

Ushahidi uko karibu na Kasubi penyewe. Barabara ya Mzunguko ya Kaskazini, yenye urefu wa kilometa 21, ilifunguliwa mwaka 2009. Ilikusudiwa kuyapitisha magari kando ya mji, nayo ilikatizwa katika bonde la Lubigi, ikipita Namungoona na Bwaise. Lakini barabara iliyojengwa kando ya mji huuita mji uje kando yake. Usiku wa tarehe 29 Juni 2013, lori la mafuta lilipata ajali Namungoona katika barabara hiyo. Watu, wengi wao waendesha bodaboda, walikusanyika kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 30 walikufa. Ajali ile ilikuwa na sababu zake. Hata hivyo umati ule haukutoka mbali: barabara ya mafuta ilikuwa imekwisha kuwa barabara ya mtaani.

Tuongeze ya kuwa kukisia si kutabiri. Watafiti wale walichora njia tatu za kufikia mwaka 2030: mji ukiachwa ujiendee, mji ukizuiwa kuingia vinamasi na kusongamanishwa ndani, na mji ukielekezwa katika miji midogo ya pembeni. Ramani tatu, mji mmoja. Ramani ya kesho ni onyo kwa mwenye madaraka ya kuchagua, wala si hukumu.

BONDE LA LUBIGI

Vilima vilipojaa, watu waliteremka bondeni. Hili ndilo jambo zito kupita yote katika upande huu wa mji. Kinamasi cha Lubigi hupokea maji ya vilima vingi vya Kampala, huyachuja na kuyapeleka kaskazini polepole. Mafunjo hufanya kazi ya sifongo.

Tufanye hesabu ndogo. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la meta za mraba 100, ikinyeshewa mvua ya milimeta 40, humwaga lita 4,000, sawa na mapipa 20. Shamba lingeyanywa mengi ya maji hayo, lakini bati halinywi hata tone. Nyumba elfu moja mlimani hushusha lita milioni nne kwa mvua moja, nayo hufika bondeni kwa muda mfupi. Huko hukuta mafunjo yamefukiwa kwa kifusi na nyumba nyingine zimesimama juu yake. Ndiyo sababu Bwaise hufurika, na ndiyo sababu askari wa uokoaji huitwa kila msimu. Mtaalamu akiangalia picha ya mwaka huu huona mafuriko ya mwaka ujao.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliwaondoa watu waliojenga katika sehemu za Lubigi, na askari waliwekwa kuilinda kazi hiyo. Kinamasi ni mali ya taifa na sheria yapaswa kufuatwa. Lakini yeyote aliyesimama katika kazi kama hiyo anajua ya kuwa ni kazi chungu. Bati linalotolewa juu ya paa limenunuliwa kwa miaka ya jasho, na mama aliyekaa juu ya godoro njiani hakumbuki milimeta za mvua. Thamani kubwa ya picha za angani ni hii: zinaweza kumwonyesha mkubwa nyumba ya kwanza kinamasini, wakati mtu mmoja kwa barua moja angeweza kuizuia. Nyumba elfu moja haziondoki kwa barua.

Tarehe 10 Agosti 2024 taifa lilipata fundisho lingine. Jalala la Kiteezi, katika Wakiso, ambalo lilianza kupokea taka za Kampala mwaka 1996, liliporomoka baada ya mvua na kufukia nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Askari wa jeshi na polisi walichimba kwa siku nyingi kutafuta miili. Jalala lilipoanzishwa palikuwa nje ya mji. Taka ziliinuka, mji ukaja, vyote viwili vikakutana. Kukutana huko hakukuwa siri kwa setilaiti hata mwaka mmoja.

YASIYOONEKANA KATIKA PICHA

Baada ya kuisifu kazi hii, ni wajibu wetu kutaja mipaka yake, kwa kuwa askari akabidhiwaye silaha asiyojua upungufu wake huwa hatari kwa wenzake.

Kwanza, mawingu. Kampala i karibu na ikweta, yenye misimu miwili ya mvua, na picha nyingi hufunikwa. Zipo setilaiti za rada, kama Sentinel-1 iliyorushwa 2014, ambazo hupenya mawingu na giza, lakini picha zake ni ngumu kusomwa. Pili, makosa ya kompyuta. Bati lililoshika kutu hufanana na udongo mwekundu, na nyumba iliyojificha chini ya mfenesi huhesabiwa kuwa msitu. Kwa hiyo hapana ramani ya kuaminiwa mpaka mtu ameshuka chini kwa miguu, akaenda Kasubi, Lubya au Kawaala, akahakikisha.

Tatu, na kubwa zaidi: picha huonyesha paa, haionyeshi haki. Katika Buganda, mwenye hati ya ardhi ya mailo na mwenye kibanja wanaweza kuishi bega kwa bega chini ya mabati ya namna moja. Sheria ya Ardhi ya 1998 humlinda aliyekaa katika ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa na mwenyewe, yaani tangu 1983 au kabla ya hapo. Kwa setilaiti ya mwaka ule kibanda cha mzee huyo hakikuwa hata sehemu ya kumi ya mraba mmoja. Asiyeonekana katika picha ya 1983 haina maana hakuwapo. Afisa akiletewa ramani yenye rangi nzuri na kuambiwa kuwa hapa palikuwa patupu, na aulize mraba wake una ukubwa gani, picha ilipigwa mwaka gani, na nani alishuka chini kuhakikisha. Maswali hayo matatu hayazuii kazi, huizuia dhuluma.

WAJIBU WETU

Afrika Mashariki haikukaa kando katika elimu hii. Kituo cha kanda cha upimaji na ramani kilianzishwa Nairobi mwaka 1975, na Uganda ni mwanachama. Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa, ikiwa imetengenezwa na wahandisi vijana watatu wa Uganda waliosomea Japani. Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 2023. Chombo kidogo si mwisho wa safari, lakini mtoto hutambaa kabla ya kwenda.

Kinachobaki ni matumizi. Picha zipo, na nyingi ni za bure. Kila mkuu wa kituo, kila afisa wa uokoaji na kila kamanda aliye na eneo la kulinda anaweza kuomba ramani ya eneo lake ya miaka kumi iliyopita na ya mwaka huu, akaziweka juu ya meza moja. Ataona njia zilizozibwa, mabonde yaliyojazwa, na mitaa isiyo na kituo wala bomba la zimamoto. Kisha na ashuke, atembee, awaulize wananchi, kwa maana wao ndio wanaojua maji hupita wapi usiku.

Mji utaendelea kukua, na vijana wataendelea kuja Kampala kutafuta riziki, nao wana haki ya kulala pakavu. Lubigi itaendelea kupokea maji ya Kasubi, pawe na nafasi au pasiwe nayo. Setilaiti itapita tena juu yetu baada ya siku chache na kuandika ilichokiona. Ni juu yetu kusoma mapema, ili tutakapoitwa bondeni tuitwe kupanda miti na kuchimba mifereji, wala si kuchimbua maiti.